Nukta Zilizopigwa Pasi

Mwaka ule wa kipindupindu, ofisi yetu iligundua kwamba Lubumbashi kuna vipofu.

Waligunduliwa Jumatatu asubuhi, mkutanoni, kwa njia ya barua. Wafadhili walikuwa wameandika kwa Kifaransa kwamba habari zote za afya kwa watu waliopatwa na dharura zitolewe pia katika "formats alternatifs", yaani mifumo mbadala, la sivyo mradi usingeendelea. Mkuu wa huduma yetu, idara moja ya serikali ya mkoa, aliisoma barua kwa sauti ya juu, akavua miwani, akatutazama mmoja mmoja.

"Format alternatif, njo nini?" akauliza.

Mwenzangu mmoja, mtu mwenye diploma mbili, akasema labda ni karatasi ya A5.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Katika ofisi za kwetu mpiga chapa hasemi mkutanoni. Anaandika waliyosema wengine, kisha anayarekebisha yawe na maana. Lakini siku hiyo nilikuwa na sababu yangu, na hasira kidogo pia, nikainua mkono. Nikasema kuna watu wasioona, kuna wasiosikia, kuna wasiojua kusoma, na wote wanaharisha sawasawa na wenye diploma. Nikasema kuna sauti, kuna picha, kuna maandishi makubwa, na kuna breli, yale maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo kipofu huyasoma kwa vidole.

"Na nani anajuaka ile breli?"

"Miye, chef."

"Ulijifunza wapi?"

"Kwa yaya yangu. Eye haonake."

Mkuu akafurahi sana. Akaagiza iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba huduma yetu ina mtaalamu. Mtaalamu ndiye aliyeichapa sentensi hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuchapa.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Kwetu mkubwa wako humwiti kwa jina. Surua ilimwondolea macho kabla mimi sijazaliwa. Masista walimfundisha breli, na alipokuwa msichana kampuni moja kubwa ya madini ikamwajiri kwenye swichibodi ya simu. Miaka yote hiyo alikaa na chombo masikioni akiwaunganisha wakubwa na wadogo, na aliijua sauti ya kila mtu: nani amelewa, nani amegombana na mkewe, nani anadanganya. Alinifundisha breli nikiwa na miaka tisa, kwa sababu alitaka mtu wa kumwandikia barua zisizopitia mdomo wa mtu mwingine. Nukta zangu zikienda upande, alinipiga vidole kwa kibao kilekile cha kuandikia.

Wakati wa kipindupindu alikuwa mstaafu na mjane, akiishi peke yake katika mtaa wa ng'ambo ya reli, nyumba ya vyumba viwili yenye kisima uani. Bomba la mtaa ule lilikauka zamani, watu walilitumia kuanikia matambara. Hatua chache kutoka kisimani, nyuma ya ukuta wa jirani, palikuwa na choo cha shimo, na mvua za mwaka ule zilijaza kila shimo mpaka mdomoni. Yaya aliyanywa maji ya kisima chake yakiwa baridi, bila kuchemsha, kama alivyoyanywa siku zote, na akayasifia. Watu kadhaa wa barabara yake walikuwa wameshapelekwa kwenye mahema ya matibabu. Mmoja, mama aliyekuwa akimuuzia makala, mkaa wa kupikia, hakurudi.

Jumapili, siku moja kabla ya mkutano ule wa vipofu, nilimwendea nikamwomba achemshe maji.

"Nani anasema?" akauliza.

"Bote banasema, Yaya. Hata ku radio."

"Ya ku radio nilisikia." Akacheka kwa pua. "Unajua ile sauti iko ya nani? Iko ya chef yako. Zamani alikuwa secrétaire kwa directeur. Kila saa bantu banapiga simu, eye anasema: 'Patron haiko.' Na miye ninasikia patron anakohoa pembeni yake. Leo njo aniambie maji yangu iko mubaya?"

Tangazo lile tulikuwa tumelirekodi wiki nzima, maana mkuu alikataa katakata lisomwe na mtu mwingine. Baadaye, kwenye ripoti, liliitwa mfumo mbadala wa kwanza.

Nikamwambia Yaya, basi, aniamini mimi. Alikuwa akipeta mchele, na mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"We unanipenda," akasema. "Mais macho yako inachokaka mbio."

Nilijua anachosema: kwamba macho yangu huchoka haraka kusoma. Miaka mingi nyuma, mume wake alipofariki, shemeji yake alikuja na karatasi siku ya tatu ya matanga, watu bado wameketi kwenye mikeka. Akamwambia ni karatasi ya pensheni, aweke kidole. Yaya akanigeukia mimi niliyeketi kando yake: "Mudogo, iko vile?" Nikasema: "Iko vile, Yaya." Akaweka kidole. Ilikuwa karatasi ya kuuza nyumba waliyokuwa wakiishi, na ndiyo sababu akahamia ng'ambo ya reli. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria: karatasi ambayo hakuisoma kwa vidole vyake mwenyewe haipo duniani. Hakumlaumu mtu. Mimi nilimweleza kila aliyeniuliza kwamba nilikuwa nikilia, kwamba sikuisoma vizuri. Ndivyo nilivyoeleza.

"Uniletee karatasi ya breli," akasema Yaya, mikono ikirudi kwenye mchele. "Ya Leta, ya serikali yenyewe. Nikiisoma, nitachemsha. Hata kesho."

Kwa hiyo kesho yake, barua ile iliposomwa, mkono wangu ulipanda wenyewe.

Kamati ikaundwa. Ilikuwa na mwenyekiti, makamu wawili, mwandishi na mshauri wa itifaki. Haikuwa na kipofu. Tulianza na picha. Msanii alichora mama mnene, mwenye afya, akinawa mikono chini ya bomba lililotiririka maji kwa nguvu. Mabango yakabandikwa katika mitaa iliyoathirika, na watu wa mtaa wa Yaya wakaja ofisini kuuliza kwa heshima bomba hilo liko wapi, wahamie. Kisha tukaingia kwenye maandishi makubwa. Mchapishaji aliambiwa akuze, akakuza. Nembo zote zilikua, ya mkoa, ya mradi, ya wafadhili, mpaka maneno yenyewe yakasukumwa chini, yakabaki madogo kuliko mwanzo.

Halafu ikaja zamu ya breli. Ujumbe ulikuwa mfupi: chemsha maji ya kunywa, nawa mikono, ukianza kuharisha nenda haraka kwenye mahema, matibabu ni bure. Lakini juu yake mshauri wa itifaki aliweka kichwa cha habari, na kichwa hicho kilianza na "Chini ya uangalizi wa juu wa" kikashuka ngazi kwa ngazi, cheo baada ya cheo, mpaka kikamfikia mkuu wetu. Breli haina haraka. Kila herufi inataka nafasi yake. Nilipomaliza kuhesabu, ukurasa wote wa kwanza ulikuwa vyeo, na maji yalianza katikati ya ukurasa wa pili.

Nikamwendea mkuu. "Chef, tuanzie ku maji."

"Mama, protocole iko protocole."

"Mwenye kuharisha atafika ku maji saa ngapi?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Asome mbio," akasema.

Karatasi nene tulizoagiza zilikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa kwenye foleni mpakani Kasumbalesa. Nikatumia majalada ya zamani ya kabatini, ya kesi ambazo wenyewe wameshakufa au wameshachoka. Kwa wale ambao hawajaona breli ikiandikwa: unabana karatasi kwenye kibao cha chuma chenye vijumba vidogo, unachukua msumari mfupi wenye kishikio cha mti, unatoboa kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukigeuza karatasi nukta zisimame na zisomeke kutoka kushoto. Ukikosea moja, unaanza upya. Nilitoboa nakala kumi na mbili. Kidole changu cha shahada kiliota sugu. Na nakiri kwamba nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa mashine ya ofisi, kwa sababu safari hii nilijua ni nani atakayesoma, na nilimwona ameketi uani kwake akipitisha vidole, akifika kwenye maji, akiagiza makala ya kuchemshia.

Nakala zikaenda kupigwa saini. Walioweka saini walizigeuza juu chini, wakaziinua kwenye mwanga wa dirisha, mmoja akauliza kama ni Kiarabu. Wote wakatia saini. Kisha ukapita ule muhuri mkavu, mashine ya mkono inayobana karatasi na kuacha duara lililoinuka. Katika ofisi yetu karatasi bila duara hilo ni ya kufungia karanga. Duara likapigwa katikati, juu ya maneno "chemsha maji", kwa vile ndipo palipokuwa na nafasi nzuri.

Nilipoliona duara nilikasirika, lakini nikajituliza. Yaya ni mjanja wa vidole, atalizunguka. Siku iliyofuata niliomba ruhusa nimpelekee bidoni la maji niliyochemsha mwenyewe nyumbani. Aliyapokea kwa shukrani, akayafulia nguo. Yalikuwa na ladha ya moshi, alisema.

Niliporudi ofisini, mkuu alikuwa akinisubiri mlangoni. Hakuwahi kunisubiri mlangoni.

"Mama, kuya uone! Sasa hata mvua ipige wiki muzima!"

Alikuwa ameziplastifia.

Msimcheke peke yake. Katika mji wetu kila kitu chenye thamani kinaingizwa kwenye plastiki: cheti cha kuzaliwa, diploma, picha ya harusi, karatasi ya kiwanja, kadi ya ubatizo. Mpiga plastiki hakosekani penye kituo cha fotokopi. Tunaishi na mvua, mchwa na panya, na karatasi ndiyo inayotutetea mbele ya askari na mbele ya ndugu wa mume. Kwa hiyo mkuu wangu alikuwa amefanya lile ambalo mtu yeyote wa Lubumbashi angemfanyia mtu anayemheshimu. Alikuwa amezipeleka nakala zangu kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kati ya vigurudumu viwili vya moto.

Ziling'aa juu ya meza. Nikafumba macho nikapitisha vidole. Hakuna. Ilikuwa kama kupapasa sahani. Nukta zote zilikuwa zimepigwa pasi zikalala, isipokuwa lile duara la muhuri, ambalo lilibanwa kwa nguvu sana likastahimili kidogo.

"Chef, haisomeke."

Akainama. "Mbona ninaziona?"

"We unaziona, chef. Bo habaonake."

Akapitisha kidole chake mwenyewe, taratibu, mara mbili. Nadhani alielewa. Macho yake yalikimbia haraka kwenye kalenda ukutani, na nikajua kwamba kuelewa hakutatusaidia. Uzinduzi wa ujumbe wetu ulikuwa keshokutwa, katika ukumbi mmoja wa hoteli ya Karavia, wafadhili wako njiani. Kwenye programu ilishachapwa, na mimi mwenyewe niliichapa: "Démonstration de lecture tactile", yaani maonyesho ya kusoma kwa vidole, na msomaji alikuwa Yaya. Alikubali bila kuombwa mara mbili. Alikuwa ameshatoa sandukuni kitenge chake cha sikukuu, kwa sababu hatimaye angeisoma ile karatasi ya Leta.

"Utamuambia maneno," akasema mkuu. "Ataweka mikono, atasema. Nani atajua?"

"Eye atajua."

"Mama," akasema kwa upole, akijua nakaribia kustaafu, "uko karibu ya retraite. Karatasi ya retraite yako, nani anatiaka saini?"

Nakala moja ilishabandikwa nje kwenye valve, ndivyo tunavyouita ubao wa matangazo, nyuma ya waya wa kuzuia wezi, juu kuliko kichwa cha mtu, na kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa ameenda kwenye matanga Kambove. Nilisimama pale nikaitazama breli iliyopigwa pasi, ikaplastifiwa, ikafungwa gerezani, na nikacheka mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Ningeweza kuandika nyingine. Nalisema hili kwa sababu mtu ataniuliza. Nilikuwa na siku mbili, na kibao kilikuwa mezani kwangu. Lakini Yaya angeuliza kwa nini karatasi hii haina saini wala duara, na ile yenye duara iko wapi, na ningelazimika kumweleza. Nikaona ni rahisi zaidi kumwambia maneno.

Nikamwambia ndani ya gari la ofisi, tukielekea Karavia. "Yaya, karatasi iko na problème kidogo. Ukifika, we sema tu: 'Chemsheni maji.' Njo yenye iliandikwa."

"Iliandikwa ao iko imeandikwa?"

"Iliandikwa, Yaya. Nilitoboa miye mwenyewe."

Akageuza uso dirishani, yeye ambaye dirisha halimpi kitu.

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, soda, na hotuba tatu zilizosema kwamba hakuna atakayeachwa nyuma. Mkalimani wa lugha ya ishara alialikwa pia, akawekwa nyuma ya spika kubwa. Kisha mkuu akamshika Yaya mkono, akampeleka mbele, akamkabidhi karatasi inayong'aa. Kamera zikasogea. Yaya akaweka vidole kwenye kona ya juu kushoto kama anavyoanza siku zote, akashuka mstari kwa mstari, bila haraka, ukurasa mzima wa kwanza. Akageuza. Akashuka tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza ya soda, nikihesabu mistari pamoja naye.

Katikati ya ukurasa wa pili vidole vikasimama.

"Hapa iko duara," akasema Yaya kwa sauti yake safi ya simu, sauti iliyofika mpaka kwa wapishi. "Inje ya duara, hakuna kitu. Ndani ya duara, hakuna kitu. Aksanti sana kwa ile duara."

Waliojua Kiswahili waliinamia soda zao. Wageni wa wafadhili, ambao hawakukijua, walimtazama mkuu wetu wakingoja.

"Elle dit," akasema mkuu bila kukwama, "que le message est parfaitement clair." Yaani, anasema ujumbe uko wazi kabisa.

Makofi yakalipuka. Mgeni mmoja alifuta machozi. Yaya akapewa zawadi ya ndoo nyeupe yenye mfuniko na koki, na chupa ya klorini ambayo maelezo yake yalikuwa ya Kifaransa, kwa herufi za kuhitaji lenzi. Wote walisahau kwamba mtu aliyekaa maisha yake kwenye swichibodi ya wazungu anakijua Kifaransa kuliko ofisi yetu nzima.

"Bado anasemaka patron haiko," akaniambia garini. Halafu, baada ya kuvuka reli: "Na we, hii iko mara ya pili."

Ndoo aliitia unga. Aliendelea na maji ya kisima.

Jumatatu nilichapa ripoti. Niliandika: "Mwanamke asiyeona alithibitisha hadharani kwamba ujumbe uko wazi kabisa." Nikaisoma tena, nikarekebisha koma.

Jumatano asubuhi jirani yake akanipigia simu. Nilimkuta Yaya sakafuni kando ya kitanda, macho yameingia ndani, midomo mikavu, ngozi ya mkono ukiivuta haikurudi. Alikuwa ameanza kuharisha tangu alfajiri. Nilimwita, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Ile sauti ya simu ilikuwa imekwisha. Jirani akatafuta teksi na mara mbili madereva walituangalia wakaondoka. Wa tatu alikubali kwa kuwa nilikuwa nimemvisha Yaya kitenge cha sikukuu, akadhani tunaenda harusini, na alipojua alikuwa ameshachelewa kukataa. Niliogopa. Nilimwogopea kama mtoto anavyoogopa, na njia nzima nilirudia neno moja tu, Yaya, Yaya, kana kwamba ni yeye ndiye angeniokoa.

Kwenye lango la mahema walitupulizia klorini miguuni. Bango letu lilikuwa pale, yule mama mnene na bomba lake. Wakamtundikia seramu, ile dripu ya maji ya chumvi, mikono yote miwili. Muuguzi alikuwa binti mwenye buti za mpira, aliyesema kidogo na kufanya mengi, na kila aliposema alimsemesha Yaya mwenyewe, si mimi. Kufikia jioni sauti ilirudi kama mkwaruzo. Siku ya pili aliomba uji.

"Mama, utapona," muuguzi akamwambia. "Mais ukirudilia ile maji, utarudi huku. Na labda utachelewa."

"Sawa, mwanangu," akasema Yaya.

Naijua sawa hiyo. Ndiyo sawa aliyowajibu wakubwa wote waliompigia simu kumwambia wasiyoyaamini. Nikatoka hemani nikaenda moja kwa moja nyumbani kwake. Kibao chake kilikuwa rafuni, mahali pake. Kwenye duka la kona, mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo alinipa boksi tupu la sabuni, gumu, nikakata upande mmoja. Nikaketi uani karibu na kile kisima, jua la mchana likiniwakia, na nikatoboa. Hakukuwa na uangalizi wa juu wa mtu yeyote.

Kesho yake nikaingia na ile kadi, na kibao kwenye mfuko. Sikusema kitu. Nikaiweka juu ya tumbo lake. Akaipapasa kingo kwanza, akainusa.

"Iko na sabuni," akasema. Kisha vidole vikaanza kutembea.

Niliandika hivi: Yaya. Maji ya kisima yako iko na kipindupindu. Ile maji njo ilitaka kukuua. Chemsha mpaka itokote, acha ipoe, njo unywe. Ukianza kuharisha, ita jirani mbio, usingoje miye.

Alisoma yote. Akarudi juu, akasoma tena. Kwenye neno moja kidole kilikwama. "Hapa ulikosa nukta moja," akasema. Kisha akaniuliza swali lilelile la Jumapili ile.

"Nani anasema?"

"Miye, Yaya."

"Haiko humu." Akagonga kadi kwa kucha. "Bale ba bureau balisema bo bote, ukurasa muzima, na hakukuwa kitu. We umesema kitu, na hakuna mwenye kusema. Andika."

Nikatoa kibao, nikabana kadi juu ya magoti yangu, nikatafuta nafasi chini. Nilitaka kuandika maneno mawili tu, mudogo wako. Niliyaandika. Lakini mkono haukusimama, na mimi sikuuzuia. Niliandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa nyuma, kama breli inavyotaka: Siku ya matanga niliona neno vente. Shemeji alisema ataniingiza ku bureau. Nikanyamaza. Njo bureau yenye niko.

Nikamrudishia. Nilitamani kutoka nje, na sikutoka.

Vidole vyake vilipita juu ya mstari ule polepole mno. Vilifika kwenye neno la Kifaransa, lile la kuuza, vikakaa. Muuguzi alipita na ndoo yake, akatutazama, akaendelea na kazi.

"Nilijua," akasema Yaya. "Siku ile ulisema 'iko vile' na sauti ya 'patron haiko'. Nilikuwa ninangojea tu uandike."

Alilaza kadi kifuani, nukta chini, akaifunika kwa kiganja. Mimi nililia bila kujificha, kwa kuwa mbele yake kujificha hakuna maana. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Nipe maji," akasema. "Ile ya kuchemka."

Nikamshikia kikombe. Alikunja uso kwa sababu ya ile ladha, akanywa yote.

Kitu hakitoki kwenye mahema yale bila kupuliziwa klorini, kwa hiyo siku ya kuruhusiwa muuguzi aliilowesha kadi mbele na nyuma mpaka ikadondosha maji. Nikaianika juani kwenye waya wa lango, tukaketi kwenye benchi kuingoja. Ilipokauka niliipapasa kabla sijampa. Nukta zote zilikuwa zimesimama, pamoja na zile za mstari wa mwisho.